Mke Alipigwa Risasi, Mume Akaendelea Kupanga Mafaili ya Bosi: Kisa cha Katibu wa Stalin

Siku hizi neno "chawa" liko kila kona. Mtu akimsifia bosi au mwanasiasa kupita kiasi anaitwa chawa, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Lakini kuna jamaa mmoja wa Urusi ambaye uaminifu wake kwa bosi ulivuka mambo ya kupiga makofi. Ulifika hadi chumbani kwake.

Anaitwa Alexander Poskrebyshev. Jina gumu, na huenda hujawahi kulisikia. Ila kwa zaidi ya miaka 20, ukitaka kumwona Joseph Stalin, mtu aliyeogopwa kuliko wote Umoja wa Kisovyeti, ulikuwa unapita kwa huyu jamaa kwanza.

Mtoto wa fundi viatu

Alizaliwa 1891, upande wa Vyatka, baba yake akiwa fundi viatu. Akasomea kazi ya tabibu msaidizi, wale wanaotibu watu vijijini ambako daktari hafiki. Mwaka 1917, mfalme wa Urusi alipong'olewa, kijana akajiunga na chama cha Bolshevik.

Ulaya ya wakati huo ilikuwa haikaliki. Vita Kuu ya Kwanza iliisha 1918, falme kubwa zikiwa zimeanguka, na wanajeshi wengi wakarudi nyumbani hawana kazi wala matumaini. Wababe wakapata soko. Mwaka 1922 Mussolini akashika serikali Italia. Mwaka huo huo kule Moscow, Stalin akapewa cheo ambacho wenzake walikiona cha makaratasi tu: Katibu Mkuu wa chama. Na mwaka huo ndio Poskrebyshev naye akaingia kufanya kazi makao makuu.

Wenzake waliidharau ile kazi. Trotsky alikuwa hodari wa kuhutubia, watu wanasimama wanashangilia. Stalin yeye alikuwa mtu wa mafaili: nani ateuliwe wapi, nani ahamishwe, nani ana doa gani. Lenin alipofariki Januari 1924, wenye maneno matamu walikuwa wameshachelewa. Kufikia 1929 Trotsky kafukuzwa nchini kabisa.

Sasa, mtu anayetawala kwa mafaili anahitaji mtu wa kuyashika. Ndipo nyota ya mtoto wa fundi viatu ilipong'aa.

Mlango wa Kremlin

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Poskrebyshev alikuwa mkuu wa idara maalumu iliyoshughulikia nyaraka za siri za Stalin. Barua, ripoti za polisi wa siri, maombi ya watu, karibu vyote vilipita mikononi mwake. Meza yake ilikuwa pale nje ya ofisi ya bosi. Mfupi, kipara, mchapakazi. Stalin alikuwa mtu wa kukesha, anafanya kazi hadi alfajiri, kwa hiyo na katibu naye anakesha.

Mawaziri na majenerali wakifika pale wanamwangalia usoni, wanajaribu kusoma bosi kaamkaje leo. Fikiria nguvu hiyo. Mtu ambaye raia wengi hawamjui, lakini wakubwa wote wanamsalimia kwa heshima.

Halafu ikaja 1937. Polisi wa siri wakaanza kuzoa watu usiku: wanachama wa zamani, maofisa wa jeshi, wahandisi, wakulima, yeyote. Kwa mwaka huo na uliofuata, watu zaidi ya 680,000 walipigwa risasi. Orodha ndefu za majina zilipelekwa kwa Stalin na wenzake wachache waidhinishe, na wakaidhinisha. Makaratasi yaliyokuwa yanaenda mezani kwa Stalin yalipitia ofisi ya Poskrebyshev.

Hapa tusidanganyane. Huyu hakuwa mtu wa kuonewa tu. Alikuwa sehemu ya mashine. Wake za watu walilia, akina mama wakaandika barua za kuombea watoto wao, na yeye akaendelea kupanga mafaili kama kawaida.

Zamu ya nyumbani kwake

Mke wake aliitwa Bronislava, daktari. Tatizo lilikuwa moja: ukoo wake ulikuwa umegusana kwa ndoa na familia ya Trotsky. Undugu wa mbali, lakini kwa miaka ile hiyo ilitosha kabisa. Kaka yake, naye daktari, alikamatwa kwanza. Mwaka 1939 wakamchukua na Bronislava, nyumbani wakabaki watoto wadogo.

Na mwaka huo huo Poskrebyshev alipanda cheo, akawa mjumbe kamili wa Kamati Kuu ya chama. Mke ndani, mume juu.

Inasimuliwa kwamba alimwendea Stalin kumwombea mkewe, na Stalin akajibu kwamba suala liko kwa polisi wa siri. Ebu waza: polisi hao hao ambao ripoti zao yeye mwenyewe ndiye anayezipeleka ndani kila siku. Akarudi mezani kwake. Oktoba 1941, jeshi la Hitler likiwa linaikaribia Moscow, Bronislava akapigwa risasi. Mumewe hakuacha kazi.

Na hakuwa peke yake. Kalinin, ambaye kwa cheo ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi, mkewe alikamatwa 1938 akapelekwa kambini, na mzee akaendelea kusaini hati za serikali. Baadaye Molotov naye akachukuliwa mkewe, naye akabaki kazini. Bosi alikuwa na hesabu yake: mtu ambaye familia yake iko mikononi mwako hawezi kukugeuka.

Malipo

Unadhani baada ya hapo aliaminiwa milele? Wapi. Mwishoni mwa 1952 Stalin, sasa mzee anayemshuku kila mtu, alimtuhumu kuvujisha nyaraka za siri, akamwondoa. Mkuu wa walinzi wake wa miaka mingi, Vlasik, naye akaishia mahabusu. Tarehe 5 Machi 1953 Stalin akafariki, na wale wawili waliomlinda muda mrefu kuliko wote hawakuwa kazini.

Mwaka 1957 serikali ikatamka kwamba Bronislava hakuwa na hatia yoyote. Poskrebyshev alikuwa bado hai. Alifariki 1965, mstaafu ambaye hakuna tena aliyemwogopa.

Watu wengi wanaamini ukimtumikia mkubwa kwa moyo wote, siku mambo yakiharibika atakukinga. Poskrebyshev alikuwa karibu na mkubwa kuliko karibu kila mtu. Lakini kwenye nchi ambayo sheria ni mdomo wa mtu mmoja, hakuna mahakama ya kukimbilia wala ofisi ya kupeleka malalamiko. Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, na aliyekuwa amekaa pale mlangoni miaka yote, akipokea vilio vya wenzake, ni yeye mwenyewe.

Ungekuwa wewe, asubuhi ile baada ya mke kuchukuliwa, ungerudi kazini?