Vigeu fiche: Mambo 3 ya kushika kabla ya UE

Kigeu fiche ni kitu kisichopimika moja kwa moja, kinajulikana kwa dalili zake. Mfano ni utajiri wa kaya. Oldonyo Sambu, kwenye barabara ya Arusha–Namanga, mdadisi wa takwimu hamuulizi mtu ana utajiri kiasi gani. Anauliza paa, maji, simu na mifugo.

1. Usichanganye njia
Utafiti wa TDHS wa 2022 uligawa kaya makundi 5 ya utajiri kwa PCA. Njia hiyo inafupisha dalili tu. Uchambuzi wa faktori, ulioanzishwa na Charles Spearman mwaka 1904, unachukulia kwamba kigeu fiche ndicho chanzo cha dalili, na unatenga makosa ya upimaji. Swali la mtego hukaa hapa.

2. Hesabu kwanza
Faktori 1 yenye variansi 1 na dalili 3: data inatoa variansi na kovariansi 6, na visivyojulikana ni 6 (uzito 3, makosa 3). Jibu linapatikana, ila huwezi kupima kama modeli inafaa. Kwa dalili 4 ni 10 kwa 8; zinabaki digrii 2 za uhuru.

3. Tafsiri
Mfugaji anaweza kuwa na ng'ombe wengi na akaishi nyumba ya udongo. Dalili inayofaa mjini inaweza kumhesabu maskini kijijini. Kukokotoa bila kueleza hilo ni kuacha maksi mezani, na sapu haina huruma.