Utii wa Mbwa au Usikivu?

Huko Kibondo na Kasulu, mwindaji ambaye mbwa wake amekwisha kuzama kichakani hana kamba wala fimbo ya kumwongozea. Ana sauti tu. Twaanza hapo kwa sababu mashindano ya mbwa yametujia na majina ya kigeni. Yale ya kufuata amri yalianza Marekani mwaka 1933, kwa juhudi za Helene Whitehouse Walker; yale ya kuruka vikwazo yalionyeshwa London mwaka 1978, kujaza mapumziko katika maonyesho ya Crufts. Haya ya pili hayatusumbui: wanariadha wetu huruka viunzi, basi na mbwa aruke viunzi.

Ugumu umo katika yale ya kwanza. Mfasiri huelekea kuandika "utii", neno la raia mbele ya sheria. Lakini katika Kirundi, ndugu wa karibu mno wa Kiha kisemwacho wilaya hizo, kitenzi *kwumvira*, yaani kutii, kimezaliwa na *kwumva*, kusikia. Kiswahili nacho humsifu mtoto msikivu. Kwa hiyo twapendekeza "mashindano ya usikivu", ingawa twakiri kwamba mafundi wa redio wamekwisha kulitwaa neno hilo.