Sala Juu ya Sitaha



Usiku mmoja wa Machi 1748, merikebu iitwayo Greyhound ilipigwa na dhoruba katika Atlantiki, ikirudi Uingereza kutoka Afrika Magharibi. Ubavu ukapasuka, maji yakaingia. Kama isingalibeba nta na mbao, vitu vinavyoelea, ingalizama upesi. Ndani yake alikuwamo kijana wa miaka 22, John Newton. Mama yake alimfundisha kusali, akafa mtoto hajatimiza miaka saba. Alipokua akawa mtu wa matusi, aliyemdhihaki Mungu hata mabaharia wenzake wakachukizwa; na mabaharia, mnajua, si watu wa kuchukizwa upesi.

Asubuhi ile, alipokuwa akishughulika na pampu, alijisikia akitaja rehema ya Bwana. Akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. Rehema gani, na kwa mtu kama yeye? Baadaye akashika usukani, na saa zote hizo akayafikiri maisha yake. Mwezi wa Aprili wakafika Ireland, chakula kimekwisha.

Wengi wetu wahubiri huikomesha habari hii hapo. Mimi nami nimefanya hivyo, tena zaidi ya mara moja. Lakini Newton alirudi baharini. Kati ya 1750 na 1754 alisafiri mara tatu akiwa nahodha wa merikebu za watumwa. Jumapili aliwakusanya mabaharia juu ya sitaha, akawaongoza katika ibada. Chini ya sitaha hiyo hiyo walilala Waafrika, wanaume wamefungwa minyororo wawili wawili. Aliomba kwa moyo, wala sidhani alikuwa mnafiki. Hakuwasikia tu. Alipoiacha kazi hiyo mwaka 1754, ni ugonjwa uliomwachisha, si dhamiri.

Ndugu msikilizaji, shida hutupigisha magoti mara moja. Hatia huja polepole. Daudi anakiri katika Zaburi ya 32 kwamba aliponyamaza, mifupa yake ilichakaa. Newton alipewa daraja la ukasisi mwaka 1764, akahubiri, akatunga nyimbo zinazoimbwa hata leo, na juu ya watumwa akanyamaza. Ndipo mwaka 1788, miaka 34 tangu aache unahodha, akachapisha kijitabu akieleza wazi aliyoyaona na aliyoyatenda, akakiri aibu yake mbele ya taifa zima. Mwaka 1790 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge.

Nauliza, na jambo hili linanihusu mimi kwanza: tunapoomba Mungu atuondolee shida, ni nani aliye chini ya sitaha yetu? Mtumishi asiyelipwa mshahara wake? Mjane ambaye mpaka wa shamba lake tumeusogeza? Mungu hakungoja Newton atakasike ndipo amsikie katika dhoruba. Wala hakumwachia ile habari iliyokuwa chini.

Machi 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Newton, mzee wa miaka 81, macho yamefifia, aliishi kuiona siku hiyo, akafariki Desemba mwaka huo huo.

Sasa na tunyamaze kidogo mbele za Bwana, kila mtu na jambo lake.