Deni la Msomi

Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 1966, mamia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu wakiwa na mabango. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mhitimu aitumikie Huduma ya Taifa kwa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, na miezi 18 iliyosalia katika kazi aliyoisomea, huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Wanafunzi waliona wanaonewa. Mbona wakubwa serikalini wanavuta mishahara minono na hawaguswi?

Rais, Mwalimu Julius Nyerere, aliwapokea, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawaka. Kuhusu mishahara ya wakubwa alikubaliana nao, na palepale akatangaza kwamba anaukata wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kuhusu huduma ya taifa hakurudi nyuma hata hatua moja. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa masomoni na kurudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata, nchi ikiwa tayari imeingia katika Azimio la Arusha, tamko la ujamaa na kujitegemea.

Hasira ile ilikuwa na historia yake. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Serikali iliwalipia wanafunzi wake masomo, chakula na malazi, katika nchi ambayo watoto wengi hawakuwa na hata darasa la kwanza la kukalia. Mwalimu alikuwa akiwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Kwa hiyo elimu ile iliyoitwa ya bure ilikuwa mkopo tangu siku ya kwanza. Mkopeshaji alikuwa mkulima, na malipo yake yalikuwa utumishi.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikaza kamba zaidi: aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yaani huduma ile ya taifa, kisha afanye kazi, ndipo afikiriwe kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo wa kazi kwanza haukudumu, lakini JKT ilibaki.

Kisha hazina ikakauka. Mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vikala fedha, na mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nchi ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kauli mpya ikawa uchangiaji wa gharama. Katika mwaka wa masomo 1992/93 wanafunzi walianza na mambo madogo, kama nauli na ada za maombi. Hatua iliyofuata ikagusa chakula na malazi, na kwa asiyejiweza, serikali ikaahidi kumkopesha.

Mikopo inayodaiwa leo inahesabiwa kuanzia Julai 1994. Mwaka huohuo wa 1994 serikali ilisitisha kuwapeleka vijana JKT kwa mujibu wa sheria, wasirudi kambini hadi 2013. Sidhani kuna aliyepanga mambo hayo mawili yakutane, lakini yalikutana: deni la utumishi lilifungwa, deni la shilingi likafunguliwa.

Kwa miaka kumi na moja hapakuwa na chombo maalumu cha kulidai. Sheria namba 9 ya mwaka 2004 ndiyo iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Vijana walipokea fedha zao za kujikimu, wakaziita bumu, na bumu likichelewa chuo kilichemka. Kubwa zaidi likawa swali la nani apewe kiasi gani, na migomo ikafuata.

Makato ya kurejesha mkopo yalianza kwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa na kiwango kikapanda hadi asilimia 15, hata kwa waliokuwa wamesaini mikataba ya asilimia 8. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, iliyofanya wengine walipe miaka nenda rudi na deni lisipungue. Siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Asilimia 15 ikabaki.

Chukua kalamu upige hesabu. Kukatwa asilimia 60 kwa miezi 18, kile walichokikataa vijana wa 1966, ni kutoa karibu mishahara 11. Kwa asilimia 15, mhitimu wa leo anafika hapo akiwa amekatwa miaka 6 mfululizo. Deni likiwa bado halijaisha, makato yanaendelea.