Sauti Ikiharibika, Kosa Si la Koo Peke Yake

Sauti ikimpwelea mtu, kwetu dawa ya kwanza ni tangawizi, asali na ndimu. Mara nyingi hupona, maana mara nyingi ni mafua tu au makelele ya harusi ya siku mbili tatu. Lakini kuna sauti zisizoharibikia kooni. Zinaharibikia kwenye ubongo au kwenye sikio, na huko tangawizi haifiki.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo iliyo kooni. Pumzi ikipita hutikisika, kiasi cha mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume na 200 kwa mwanamke. Zenyewe hazijui lolote. Ubongo ndio unaoziamuru zikaze ama zilegee, na sikio ndilo linalorudisha habari: umezidisha, umeshuka, ongeza. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na makelele hupaza sauti bila kujijua. Mtazame makanga kwenye stendi ya matatu. Mwalimu ambaye darasa lake limepakana na barabara hufanya hivyo hivyo kutwa, mwaka baada ya mwaka, hata nyuzi zikaota vinundu. Na mzee ambaye masikio yamepungua husema kwa nguvu, watu wa nyumbani wakamdhania ana hasira, kumbe hajisikii.

Ugonjwa wa Parkinson hugeuza mambo. Sauti hufifia ikawa kama mnong'ono, na mgonjwa haoni kosa. Ukimwomba aongeze, huhisi anapiga ukelele. Masikio yake huenda ni mazima; kilichoharibika ni kipimo cha ubongo. Ndiyo maana mazoezi yaliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1980, yaitwayo Lee Silverman, humfundisha mgonjwa jambo moja kubwa: kuzoea kwamba ile sauti anayoiona kubwa mno ndiyo ya kawaida.

Linalonisikitisha zaidi ni tatizo liitwalo disfonia ya mikazo. Maneno hukatikakatika kama ya mtu anayekabwa, lakini huyo huyo aweza kucheka au kuimba vizuri. Kwa hivyo husemwa anajifanya, au ana jini. Hata madaktari kwa miaka mingi waliliita wasiwasi wa nafsi. Leo linahesabika kuwa hitilafu ya ubongo katika kuamuru misuli ya koo. Sindano ya botulinum huilegeza misuli hiyo kwa miezi kadhaa, kisha hurudiwa. Haiondoi ugonjwa, ila humrudishia mtu mazungumzo yake.

Kati ya ubongo na koo kuna neva, na ile ya kushoto ina safari ya ajabu: hushuka hadi kifuani, ikauzunguka mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo ipande kooni. Uvimbe wa kifua, au upasuaji wa rovu, waweza kuidhuru.

Sauti iliyopwelea zaidi ya wiki tatu haitaki kubahatishwa. Daktari wa masikio, pua na koo hutazama nyuzi kwa kioo au kamera, na ni haki yako kumwomba apime masikio pia. Sauti ikibadilika ghafla pamoja na mdomo kupinda au mkono kulegea, hicho huenda ni kiharusi: hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kukuche.