Vijiji vya Marika Kyela: Historia ya Kung'atuka kwa Zamu

Uwanda wa Kyela, unaoanzia ukingoni mwa Mto Songwe mpakani na Malawi na kuishia Matema chini ya milima ya Livingstone, umejengwa kwa udongo ulioletwa na mito minne, yaani Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ambayo huteremka kutoka nyanda za juu na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Katika uwanda huo, na katika vilima vya Rungwe vilivyo juu yake, Wanyakyusa walikuwa na desturi adimu katika Afrika Mashariki: wanaume hawakukaa na baba zao, wajomba zao wala watu wa ukoo wao, bali walikaa na watu wa rika lao, yaani waliozaliwa miaka ya karibu, tangu utotoni hadi uzeeni. Kijiji cha namna hiyo kiliitwa ikipanga. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina marika, kama Wamaasai walivyo nayo, lakini marika hayo kwa kawaida hupangwa juu ya makazi ya koo au familia, ilhali hapa rika lenyewe ndilo lililokuwa kijiji, lenye ardhi yake, kiongozi wake na mpaka wake.

Wageni wa kwanza wa Kizungu waliopita kaskazini ya ziwa waliona sura ya vijiji hivyo bila kujua siri yake. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika huko mwaka 1879, alivisifu kwa nyumba zake nadhifu, migomba yake na njia zake zilizofagiliwa, kiasi kwamba maelezo yake yanasomeka kama ya mtu aliyejikuta katika bustani. Maelezo ya kina yalikuja baadaye sana, kutoka kwa Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia, yaani wataalamu wa mila na maisha ya jamii, waliofanya utafiti kati ya 1934 na 1938. Walisaidiwa na wenyeji, akiwemo Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani ambaye mchango wake haukutajwa kwa uzito unaostahili hadi miaka ya karibuni. Kitabu cha Monica Wilson kiitwacho Good Company, kilichotoka mwaka 1951, ndicho kilichozifanya Kyela na Rungwe zijulikane katika vyuo vikuu vya dunia.

Kijiji kilianza na wavulana. Mtoto wa kiume alipofika miaka kumi au kumi na mmoja, umri wa kuchunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake, alitoka katika nyumba ya mama yake na kwenda kulala na wavulana wenziwe katika vibanda walivyojijengea wenyewe pembeni mwa kijiji cha baba zao. Chakula hawakujipikia. Walikwenda kwa makundi kwenye nyumba ya mama wa mmoja wao, wakala pamoja, na siku nyingine wakaenda kwa mama wa mwingine, hivyo kwamba mvulana aliyekwenda kula peke yake kwa mama yake alionekana kuwa mchoyo na hana adabu ya watu. Wadogo zao waliendelea kupokewa kwa muda, hata pengo la umri kati ya mkubwa na mdogo kabisa lilipokaribia miaka mitano, mlango ukafungwa, na wadogo zaidi wakalazimika kuanzisha kijiji chao. Jambo la kuzingatia ni kwamba mara mlango ulipofungwa, haukufunguliwa tena kwa wadogo.

Vijana hao walipooa, wake zao walihamia kwao, na vibanda vya wavulana vikawa kijiji cha watu wazima chenye migomba, mashamba na mazizi. Wilson aliona sababu mojawapo katika sheria kali ya mwiko baina ya mke na baba mkwe wake: mwanamke hakuruhusiwa kukutana na baba wa mumewe uso kwa uso, wala kutaja jina lake, na mwiko huo ungekuwa adha isiyovumilika kama baba na mwana wangekaa ua mmoja. Lakini Wanyakyusa wenyewe walipoulizwa walitoa sababu nyingine, nayo ni ukwangala, yaani kukaa na wenzio, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao kwa usawa. Kijana mbele ya baba yake hunyamaza na kusikiliza. Mbele ya wenzake husema anachofikiri, na kwa mtazamo wao ndipo mtu alipojifunza akili.

Usawa huo ulihitaji nidhamu, na nidhamu hiyo haikutegemea askari wala faini. Mwanakijiji aliyechinja ng'ombe bila kuwaita majirani, aliyepika pombe akawanyima wenzake, au aliyewadharau wazazi wake, aliaminika kupatwa na baridi ya ghafla mwilini iliyotokana na manung'uniko ya watu, ambayo Wanyakyusa waliieleza kuwa ni pumzi au upepo wa watu. Mgonjwa huyo hakupona hadi awaridhishe waliokasirika, mara nyingi kwa karamu. Kiongozi wa kijiji na wenzake wachache waliaminiwa kuwa na uwezo wa kuona wachawi usiku na kukilinda kijiji dhidi yao. Mtu aliyetuhumiwa uchawi, au aliyegombana na majirani hadi wakashindwa kupatana, alihamia kijiji kingine cha rika lake, na uhuru huo wa kuhama ulimzuia kiongozi yeyote asiwaonee watu wake, kwa sababu kijiji kisicho na watu hakina kiongozi.

Kiini cha mpango mzima kilikuwa ni siku ya kukabidhi. Mara moja katika kila kizazi, wakati wana wakubwa wa mtawala, aliyeitwa malafyale, walipokuwa na miaka kama thelathini na mitatu hadi thelathini na mitano, ilifanywa sherehe ya ubusoka, yaani kutoka nje. Moto wote wa nchi ulizimwa, na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti na kusambazwa nyumba kwa nyumba. Wana wawili wa malafyale, warithi wa pande mbili za nchi, walioneshwa kwa watu, na nchi ya baba ikagawanywa kati yao. Viongozi wa vijiji vipya, walioitwa amafumu, waliteuliwa na viongozi wanaong'atuka, na hawakuruhusiwa kuwa wa damu ya mtawala, wala cheo chao hakikurithiwa na mwana kutoka kwa baba. Miti ilipandwa kuwa alama ya utawala mpya. Kisha wazee wakasogea pembeni, wakiwaachia vijana ardhi nzuri ya katikati, na malafyale mzee, kwa mujibu wa masimulizi ambayo Wilson aliyapokea, alitazamiwa kufa muda usio mrefu baada ya hapo.

Ni vigumu kupata katika historia ya Tanganyika mfano ulio bayana zaidi wa kupanga kung'atuka kabla kiongozi hajachoka. Vyama vya siku hizi mara nyingi hufa pamoja na mwenyekiti mwanzilishi, kwa sababu katiba yake inaeleza jinsi ya kuchagua viongozi lakini haielezi ni lini kizazi kizima kinaondoka. Kwa Wanyakyusa, tarehe ilikuwa imeshajulikana kwa umri wa watoto.

Hata hivyo, picha hii nadhifu haikubaliwi na wote. Simon Charsley, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu watawala wa Kinyakyusa, alionesha kwamba mgawanyo wa nchi haukufuata kanuni moja kila kizazi, bali ulitegemea nguvu za wana wa watawala, vita na ardhi iliyokuwa wazi. Michael McKenny naye, mwaka 1973, alihoji kama vijiji vya rika vilidumu kweli maisha yote, kwani mali ya marehemu ilikwenda kwanza kwa ndugu yake na baadaye kwa mwanawe, na mrithi mara nyingi alihamia kwenye makazi ya aliyemrithi, akaingia miongoni mwa watu wasio wa umri wake. Hoja hizi zina uzito. Upo pia upande ambao Wilson mwenyewe aliutaja bila kuusisitiza sana: ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, hivyo kijana aliweza kuwa na kijiji chake na bado akangoja miaka mingi kupata mke, wakati baba yake akiendelea kuoa. Mpango wa kukabidhi madaraka ulikuwa vilevile mpango wa kuchelewesha, na hakuna haja ya kuupamba.

Kilichouvunja hakikuwa kuporomoka kwa maadili, kama wazee wa kila zama wanavyopenda kusema, bali mambo matatu yaliyokuja kwa wakati mmoja au karibu. La kwanza lilikuwa ni utawala. Wajerumani, waliokuwa wamegawana eneo na Waingereza kwa mkataba wa 1890 uliofanya Songwe kuwa mpaka, waliongoza kutoka Langenburg ya ziwani na kisha Tukuyu. Majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yaliuteka mji huo mwezi Mei 1916 yakitokea Karonga. Waingereza wakafuata kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, wakati Donald Cameron alipokuwa gavana. Katika nchi iliyokuwa na watawala wadogo zaidi ya mia moja, serikali ilichagua wachache, ikawapa mahakama, mshahara na kitabu cha kodi. Mtawala mwenye mshahara hakuwa na sababu ya kung'atuka wanawe walipofika miaka thelathini na mitano, na serikali haikuwa na nafasi ya watawala wapya wawili kila mmoja alipozaa warithi. Kwa kukusudia kuhifadhi mila, Waingereza waliigandisha ile mojawapo iliyokuwa imejengwa juu ya mabadiliko.

La pili lilikuwa ni fedha. Dhahabu iliyogunduliwa Lupa, wilayani Chunya, mwanzoni mwa miaka ya 1920 iliwavuta vijana wengi wa Rungwe na Kyela, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengine walikwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini, na wengine Afrika Kusini wakiandikishwa na mawakala wa Wenela, yaani shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya huko. Kijana aliyerudi na fedha aliweza kununua ng'ombe wake mwenyewe.

La tatu, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote, ni ardhi. Philip Gulliver, mtafiti aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika katika miaka ya 1950, alionesha katika maandishi yake ya 1957 na 1958 jinsi kahawa ya vilimani na mpunga wa uwandani ulivyobadilisha hesabu. Ardhi iliyolimwa mazao ya chakula kwa zamu ingeweza kuachwa kwa kizazi kipya, lakini mibuni hudumu miaka mingi, na jaruba la mpunga lililosawazishwa na kulimwa kwa plau ya ng'ombe ni rasilimali ya mtu aliyeitolea jasho. Mzee wa Kyela mwenye jaruba zuri karibu na Ipinda hakuwa tayari kusogea pembeni kwa sababu tu miti ilikuwa imepandwa, na mwanawe hakutaka tena ardhi ya kijiji cha rika lake bali ile ya baba yake, ambayo aliingoja kama urithi. Baba na mwana, waliokuwa wametenganishwa kwa makusudi ili wasigombane, wakajikuta wanadai kipande kilekile.

Uhuru ulifunga milango iliyobaki. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikaunda kijiji chenye halmashauri yake, kinachokusanya wazee, vijana na wanawake pamoja bila kujali umri. Monica Wilson, aliyerudi Unyakyusa mwaka 1955, aliandika kitabu chake cha mwisho juu ya jamii hii mwaka 1977, akifuatilia uhusiano wa vizazi kati ya 1875 na 1971. Humo, kijiji cha rika ni jambo la kumbukumbu zaidi kuliko la kuishi.

Hitaji ambalo kijiji cha rika kilikuwa kinalitimiza, yaani kumpatia kijana ardhi kabla baba yake hajafa, lilipata jibu lingine nje ya uwanda. Kuanzia miaka ya 1940 na zaidi baada ya hapo, familia za Kinyakyusa zilivuka kwenda Usangu, ng'ambo ya milima upande wa Mbarali, kulima mpunga katika ardhi iliyokuwa wazi, na nyingine zikaelekea Mbozi kulima kahawa. Kijana asiyepata nafasi katika jaruba la baba yake aliipata katika bonde la Ruaha Mkuu, mara nyingi akiwa na wenzake wa umri mmoja waliotoka kijiji kimoja, wakajenga karibu karibu, wakakopeshana ng'ombe wa kulimia na kuzikana inapolazimu. Tofauti iliyobaki ni kwamba ardhi ya Usangu haikukabidhiwa na mzee yeyote, na hakuna aliyezima moto wowote ili wao wawashe mpya.