Kutoka Kipande hadi Kidakuzi

Ukitoka Mbarara mjini kwa barabara ya Kampala, hujaenda mbali unafika Biharwe. Pale pana mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Wazee wa Ankole walisimulia kwamba jeshi la Bunyoro lilikuwa linarudi na ng'ombe wa kuteka, mara jua likazimika mchana, askari wakatimua mbio, ng'ombe wakabaki. Wasomi wakaja kupiga hesabu za jua na mwezi, wakapata mwaka. Mimi napenda historia ya namna hiyo. Alama imesimama kando ya barabara, kila anayepita anaiona, na anayetaka kubisha anabisha hadharani.

Tulikuwa Biharwe kwa semina ya siku mbili, vijana kutoka Nakivale. Jioni, dada mmoja wa kikundi chetu alinisimulia habari ya alama ya namna nyingine. Nyumbani kwao simu ya intaneti ni moja tu, ya mama yake mdogo. Siku moja aliiazima, akatafuta habari za dawa za uzazi wa mpango, akasoma kidogo, akafuta orodha ya alichosoma, akarudisha simu. Kesho yake mama mdogo alikuwa anasoma habari za Goma, na katikati ya habari likatokea tangazo la vipimo vya mimba. Akalifunga, likaja lingine. Ikawa hivyo siku tatu. Siku ya nne mama mdogo akamwita nje: "Mwanangu, hii simu inaniambia nini?"

Dada yule aliniuliza: "Mimi nilifuta kila kitu. Sasa nani aliwaambia?" Amenikubalia niandike haya bila jina lake.

Sikuwa na jibu. Niliporudi Base Camp nikaanza kusoma, na ninayoandika hapa ndiyo niliyopata. Sisi wakimbizi tunajua sana mambo ya kusajiliwa. Kumbe kuna usajili mwingine ambao hautuiti hata kwenye foleni.

Mwaka 1994 kwa wengi wetu hapa ni mwaka wa kukimbia. Wapo wazee wanaohesabu maisha yao kwa kabla na baada ya mwaka huo. Mwaka huo huo, kule Marekani, kijana mmoja aitwaye Lou Montulli, mfanyakazi wa kampuni ya Netscape, alikuwa na shida yake ya kiufundi. Intaneti ya wakati ule haikuwa na kumbukumbu. Ukifungua ukurasa wa kwanza halafu wa pili, kompyuta ya upande wa pili haikujua kwamba ni wewe yule yule. Mtu alichagua bidhaa dukani, akifungua ukurasa unaofuata kikapu chake hakipo tena.

Dawa aliyoipata ilikuwa ndogo. Duka linakipa chombo chako kikaratasi chenye namba, na ukirudi chombo chako kinaonyesha kile kikaratasi, unatambuliwa. Ni kama yule mama muuza unga sokoni anayekukopesha na kukuandikia karatasi: wewe unaitunza, kesho unaileta. Kikaratasi kilitengenezwa kisomwe na duka lililokitoa, si na duka la jirani. Kwa nia hiyo, hakuna ubaya.

Watu wa mjini wanakiita kuki. Lakini ukiiweka simu yako kwa Kiswahili, inaandika "vidakuzi". Neno hilo lilinichekesha, maana lina undugu na kudakua na udaku. Mdakuzi si ni yule anayechungulia mambo ya watu na kuyapeleka kwa wengine? Aliyelichagua neno hilo alijua anachokisema.

Tarehe 27 Oktoba ya mwaka ule ule wa 1994, gazeti la intaneti la HotWired likaweka matangazo ya bango ya kwanza. Mojawapo lilikuwa la kampuni ya simu AT&T, kipande chembamba cha rangi juu ya ukurasa, ukikibonyeza kinakupeleka kwao. Bango na kikaratasi vilizaliwa mbalimbali. Shida ilianza vilipooana.

Hebu fikiria hivi. Kila duka la Base Camp, la Juru na la Rubondo lina bango ukutani, na mabango yote ni ya bosi mmoja. Chini ya kila bango bosi ameweka mtoto wake akae. Unaingia duka la kwanza kununua sabuni, mtoto anakupa namba. Unaingia duka la dawa, mtoto mwingine wa bosi yule yule anakuomba namba, anaandika ulichonunua. Unaingia kwa fundi simu, vilevile. Mwenye duka la dawa hakumwambia fundi simu kitu. Watoto wote wanapeleka kwa baba mmoja, na yeye ndiye anayekufahamu kuliko wote. Hivyo ndivyo kampuni ya DoubleClick ilivyofanya biashara tangu katikati ya miaka ya 1990. Faida yake ikawa kubwa hadi Google wakatangaza mwaka 2007 kuinunua kwa dola bilioni 3.1. Watu wa kawaida walianza kusoma habari za vidakuzi magazetini mwaka 1996. Kabla ya hapo vilikuwa tayari ndani ya kompyuta zao, na hakuna aliyewaomba ruhusa.

Basi, jibu la dada yangu wa Biharwe ndilo hilo. Yeye alifuta orodha ya kurasa alizosoma. Kikaratasi hakukifuta, kilibaki ndani ya simu. Mama mdogo alipofungua habari za Goma, mtoto wa bosi alikuwa ameshakaa chini ya bango akisubiri namba.

Nilipofika hapo nikakumbuka somo la historia tulilofundishwa sekondari, habari za kipande. Kule Kenya serikali ya wakoloni ilitunga sheria ya kusajili Waafrika mwaka 1915, na baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920, ikaanza kutumika kweli. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe za kuanza na kumaliza kazi, na mshahara. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, kikavaliwa shingoni. Kukipoteza au kutembea bila hicho lilikuwa kosa.

Tazama kilivyofanya kazi. Mtu alikibeba mwenyewe, lakini hakikuwa chake. Kila mwajiri mpya alikifungua, akasoma aliyoandika wa zamani, akaongeza yake. Akiona ulikuwa unalipwa kidogo, kwa nini akulipe zaidi? Kama mwajiri wa zamani hakusaini kwamba amekuruhusu uende, wewe ulikuwa mtoro. Habari zako zilitembea shingoni mwako zikisema na watu wengine, tena dhidi yako.

Watu hawakukaa kimya. Harry Thuku na wenzake wa East African Association walisimama kupinga kipande, kodi na mishahara midogo. Alikamatwa Machi 1922, watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume waliokuwa wanasitasita. Tarehe 16 Machi polisi wakapiga risasi. Serikali ilihesabu waliokufa 21, wengine walisema ni zaidi ya hapo. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Kipande kikaendelea hadi miaka ya 1940 ilipokuwa inakwisha.

Na wapo kati yetu wasiohitaji mfano wa Kenya. Kadi ya Rwanda iliyoandikwa kabila ilianza miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji, kama karatasi ya ofisini tu. Miaka 60 baadaye, kwenye vizuizi vya barabara wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mstari mmoja kwenye kadi hiyo uliamua nani aishi. Waliojaza fomu za kwanza huenda hawakuwaza hivyo. Lakini karatasi inaishi kuliko nia ya aliyeiandika.

Sisemi kidakuzi ni sawa na hayo. Hakuna aliyefungwa kwa kukosa kidakuzi, na tangazo la vipimo vya mimba si bunduki. Lakini kuna jambo moja ambalo kipande kilikuwa nalo na kidakuzi hakina: kipande ulikiona. Kilikuchubua shingo, ukajua nini cha kupinga. Thuku asingepata watu wa kusimama naye kama kikebe kingekuwa hakionekani.

Hapa Uganda tumeshaona mfano wetu. Mwaka 2020 shirika la Unwanted Witness la Kampala lilitoa ripoti kwamba programu ya SafeBoda, ile ya kuitia pikipiki, ilikuwa inapeleka habari za wateja kwa kampuni nyingine. Mamlaka ya NITA-U ikachunguza, na mwaka 2021 ikasema ni kweli habari zilipelekwa kwa kampuni ya CleverTap bila wateja kuelezwa ipasavyo. Mtu aliita boda tu, basi. Kesi ile iliwezekana kwa sababu mwaka 2019 Uganda ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Ndugu zangu wengi hawajui kwamba sheria hiyo inamgusa kila anayekusanya habari za watu ndani ya Uganda. Haikusema ni za raia tu. Na inakupa haki ya kukataa habari zako zisitumiwe kukutangazia biashara.

Halafu kuna suala la pesa, maana bango halikai bure. Wewe unanunua bando ili usome tangazo la masomo, na kabla maneno hayajafunguka picha za bango zimeshakula MB zako. Kutoka Julai 2018 tulikuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku kwa ajili ya mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data. Kwa hiyo bango linalokuchungulia umelilipia wewe, na kodi yake umelipa wewe.

Sasa nirudi Nakivale. Mahali hapa pamepokea wakimbizi tangu miaka ya 1950 inaisha, na kila kizazi kiliandikwa kwa namna yake. Kuanzia Machi hadi Oktoba 2018 sote tulipanga foleni ya uhakiki, vidole na macho. Hesabu iliyokuwa inasema zaidi ya milioni 1.4 nchi nzima ikashuka hadi kama milioni 1.1. Tulichoka juani, lakini angalau tulimwona anayetuandika na tulijua ni kwa ajili ya nini. Laini za simu nazo tulizipigania. Hadi 2019, kabla vitambulisho vyetu vya ukimbizi havijakubaliwa kusajilia laini, wengi tulitumia namba zilizosajiliwa kwa jina la jirani Mganda. Mtu aliyefanya kazi yote hiyo ili namba iwe yake ana haki ya kujua nani mwingine anaisoma.

Nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili, neno hili ni lenu pia. Mwaka 2021 waandishi wa The Markup, Marekani, walipima kurasa za mashirika yasiyo ya faida zaidi ya 23,000. Asilimia 86 hivi zilikuwa na vidakuzi vya watu wa pembeni au njia nyingine za kufuatilia wasomaji. Humo ni mashirika yanayosaidia wagonjwa na watu wenye siri nzito. Sidhani walikusudia. Mtu wa ofisini aliweka kitu cha kuhesabu wageni au kitufe cha mtandao wa kijamii, mtoto wa bosi akaingia nacho. Lakini kijana wetu anapofungua ukurasa wenu kutafuta msaada baada ya kubakwa, au njia ya kwenda nchi ya tatu, mnajua nani amekaa chini ya bango?

Kwenye kikundi chetu tumekubaliana mambo machache. Simu ya kuazima unaifungulia ule ukurasa wa faragha usiotunza kumbukumbu. Kwenye Chrome, ambayo ndiyo ipo kwenye simu zetu nyingi, unaingia mipangilio, sehemu ya faragha, unazuia vidakuzi vya watu wa pembeni. Usingoje wakuzuilie wenyewe. Google waliahidi mwaka 2020 kuviondoa, na mwaka 2024 wakabadili mawazo. Likitokea lile dirisha la "kubali vyote", tafuta pa kukataa hata kama wamepaficha kwa maandishi madogo. Na mtu yeyote akikuomba namba, awe wa kampuni au wa shirika, muulize: nani atasoma, kwa kazi gani, hadi lini?

Dada yule alimweleza mama yake mdogo ukweli wote. Haikuwa rahisi, lakini walielewana. Kisha akamwonyesha jinsi ya kufuta vidakuzi kwenye simu. Mama mdogo akafuta, akakaa kimya kidogo, akauliza: "Na kwenye zile simu za mashirika wanazotuandikia majina, ni nani anayefuta?"

Mimi sikuweza kumjibu. Nawaachia nyinyi wenye ofisi, na nafasi ya kujibu katika toleo lijalo ipo.